Mla Mawe Usimcheke, Apimwe Damu

Mwishoni mwa 2010, runinga ya TLC ya Marekani ilianza kuonyesha kipindi cha My Strange Addiction. Watazamaji walipigwa na butwaa kuona watu wazima wakitafuna karatasi za choo na hata sponji ya makochi.

Lakini, msomaji mpendwa, kabla hatujawacheka Wamarekani, tuzuru masoko yetu ya Kisii na Nyamira. Humo huuzwa mawe laini ya kula. Waja wazito huyanunua, nao wasichana wa shule huyaficha mikobani kwa kuona haya.

Madaktari huiita tabia hii pika. Aghalabu huandamana na upungufu wa madini ya chuma, yaani damu kupungua. Mlaji huchoka upesi na kuhema akipanda mlima. Ajabu ni kwamba udongo haumwongezei damu. Baadhi yake huzuia chuma kufyonzwa mwilini, na waweza kubeba mayai ya minyoo au madini ya risasi.

Basi wazazi, matusi na kupekua mikoba havitasaidia. Mpelekeni kliniki apimwe damu. Mja mzito naye asikose vidonge vya chuma anavyopewa huko. Nyumbani apikiwe maharagwe, omena na chinsaga. Chai, ijapokuwa ndiyo fahari ya Nyamira, isiandamane na mlo, kwani hupunguza chuma kinachofyonzwa.

Wale wa runinga walitazamwa na ulimwengu. Binti anayetafuna mawe kisirisiri chumbani angefaidika zaidi akiulizwa kwa upole na mamaye, "Mwanangu, wajisikiaje?"