Machimbo ya Kifusi: Wananchi Waulizwe Kwanza

MWANZONI mwa Mei 2024 barabara kuu iunganishayo Dar es Salaam na mikoa ya Lindi na Mtwara ilikatika. Mvua za mfululizo, zikifuatiwa na Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia tarehe 4 ya mwezi huo, zilisomba madaraja na matuta ya barabara katika Wilaya ya Kilwa, pale Somanga na sehemu nyingine za jirani. Magari yalipanga foleni pande zote mbili za maji. Mikoa miwili ilionja tena upweke wa zamani, wakati safari ya Dar es Salaam ilikuwa bahati nasibu kila masika.

Barabara ile ilirudishwa kwa mawe na kifusi, lori baada ya lori. Kwa hiyo tunaanza na jambo lisilo na ubishi: Kusini kunahitaji kifusi, na kutaendelea kukihitaji maadamu mvua zinanyesha na magari yanapita. Lakini kila tuta la barabara lina shimo lake mahali fulani, na shimo hilo lina mwenye shamba. Ni juu ya huyo mwenye shamba tunataka kusema leo, kwa sababu katika hesabu za miradi jina lake huandikwa mwisho, na pengine halionekani kabisa.

Tuchukue Milola, bara ya mji wa Lindi, pamoja na vijiji vinavyoizunguka. Mkulima wa huko hana mshahara wala kiwanda. Ana mikorosho, ufuta, mihogo na minazi. Barabara ndiyo njia yake ya ghalani na ya hospitali, na hatumjui mtu wa Milola atakayesema kwamba haitaki. Hebu basi tufanye hesabu ambayo wataalamu wetu huifanya ofisini, na ni mara chache mno huifanya mbele ya wananchi. Barabara ya changarawe yenye upana wa mita 6, ikitandikwa tabaka la sentimita 15 lililoshindiliwa, inataka mita za ujazo 900 kwa kila kilomita. Kifusi kikichimbuliwa huvimba, kwa hiyo lori la mita 10 za ujazo litakwenda na kurudi zaidi ya mara 100 kwa kilomita hiyo moja. Kwa kilomita 10 ni safari zaidi ya 1,000, zikipita mbele ya shule na mbele ya msikiti, pamoja na shimo la kina cha mita 2 litakalomeza zaidi ya ekari moja.

Ekari moja ya mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa mita 12 ina miti ipatayo 28. Mti huo hupandwa na baba na kuvunwa na wajukuu. Tena changarawe nzuri mara nyingi hupatikana kwenye miinuko, na miinukoni ndiko watu walikojenga na kuzika wafu wao kwa kuyakimbia maji. Na hata baada ya kazi kwisha, mvua za misimu michache zitaisomba changarawe ile, na lori litarudi. Anayeombwa shimo la kwanza ana haki ya kuuliza juu ya la pili na la tatu.

Wako viongozi ambao wakisikia wananchi wanakataa machimbo huwa na jibu lililokwisha tayari: hao ni wapinga maendeleo, au wamechochewa. Hatukatai kwamba wachochezi wapo. Yupo mtu ambaye huona katika kila mgogoro ngazi ya kupandia, na siku mgogoro ukiisha yeye ndiye wa kwanza kusikitika. Lakini uchochezi hauoti mahali ambapo watu wameelezwa. Mwaka 2013 mkoa jirani wa Mtwara ulishuhudia ghasia juu ya bomba la gesi. Roho zilipotea na mali ikateketea, na kiini cha malalamiko kilikuwa kwamba mali inaondoka na wenyeji hawajui wataambulia nini. Hapa kwetu Lindi, wananchi wa Likong'o na mitaa ya jirani, ambao ardhi yao ilitwaliwa kwa ajili ya mradi wa kusindika gesi, walingoja fidia kwa miaka hadi mwaka 2020. Mtu aliyeyaona hayo, kisha akaletewa habari za machimbo ya kifusi, tusishangae akiuliza maswali kwa sauti kubwa.

Na hofu yake kubwa si lori. Lori litapita na vumbi litatua. Hofu yake ni shimo lililoachwa. Mkandarasi akimaliza kilomita zake huondoa mitambo na hema zake, na masika yanayofuata shimo hujaa maji. Hapo mbu wa malaria hupata makao, watoto hupata bwawa la kuogelea lisilo na mlinzi, na mwenye shamba hupata ardhi isiyofaa kwa jembe wala kwa nyumba. Mwisho wa yote huja takataka, maana mahali palipokwisha kuharibika kila mtu huona pa kutupia.

Hayo yalikwisha fika mahakamani. Mwaka 1988 Mahakama Kuu iliwapa haki wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walioshitaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga na kuchoma taka katikati ya makazi yao. Jiji lilipolazimika kutafuta mahali pengine, lilielekea Kunduchi Mtongani, sehemu iliyojulikana kwa machimbo yake ya kokoto. Mwaka 1991 mkazi mmoja wa huko na wenzake 794 wakaenda Mahakama Kuu, nao wakashinda. Tuwatazame watu wale 795. Walikuwa raia wa kawaida waliodai kuishi bila moshi na uvundo, na majaji wa Jamhuri hawakuwaita wapinga maendeleo. Waliwasikiliza wakaona wana hoja.

Sheria zenyewe zinasemaje? Tunaona ni wajibu wetu kuzieleza kwa urefu kidogo, maana nyingi kati yake ziliandikwa kwa Kiingereza, na mkulima amezisikia kwa mdomo wa mtu mwingine, ambaye pengine ana faida yake. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inahesabu mchanga, kokoto na changarawe kuwa madini ya ujenzi. Kwa hiyo mwenye shamba si mwenye madini. Madini ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Wengi huishia hapo, wakadhani mwenye leseni anaweza kuingia popote. Sivyo. Sheria hiyo hiyo inasema mwenye leseni hawezi kutumia haki yake ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba ya watu, wala ndani ya mita 50 kutoka kwenye shamba lenye mazao au lililotayarishwa kwa mazao, bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali wa ardhi hiyo. Mahali pa maziko na mahali pa ibada napo pana kinga yake, hapaguswi bila kibali cha mamlaka inayohusika. Ni kweli kwamba ridhaa ikikataliwa pasipo sababu ya msingi Serikali inaweza kuingilia kati. Hata hivyo neno "maandishi" limo ndani ya sheria, nalo lina maana yake. Ahadi iliyotolewa barabarani na dereva wa katapila haitoshi.

Kwa upande wa ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaifanya Halmashauri ya Kijiji kuwa msimamizi wa ardhi ya kijiji kama mdhamini anavyosimamia amana ya wengine. Wenye ardhi ni wanakijiji, na kikao chao ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti anayepiga muhuri peke yake jioni, juu ya meza ya mgahawa, halafu akawaambia watu kwamba kijiji kimekubali, amekula amana. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu magomvi mengi yanayoitwa ya wananchi na Serikali huanzia kwenye muhuri wa namna hiyo.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani shauri hili ni la watu wa bara peke yao. Kwao ni gumu zaidi. Kilwa Kisiwani ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa papo hapo. Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa ya karne ya 14 ni ushahidi wa ufundi huo. Lakini kisiwa hakina bara ya kurudi nyuma. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kutoka 2004 hadi 2014 yakakaa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na kumegwa na bahari kulikuwa miongoni mwa sababu. Ukichota mchanga na mawe ufukoni, au ukakata mikoko, umeyafungulia mawimbi mlango. Mafia, matumbawe yalivunjwa kwa ajili ya kujengea na kuchomea chokaa, nako tangu 1995 kuna Hifadhi ya Bahari. Unguja, mashimo ya mchanga katika Mkoa wa Kaskazini yaliilazimu Serikali ya Mapinduzi kuweka uchimbaji na uuzaji wa bidhaa hiyo chini ya usimamizi wake. Zanzibar ina sheria zake. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka ufukoni, mtoni au bwawani shughuli zinazoweza kuathiri hifadhi ya mahali hapo. Mtu wa Songo Songo atatuambia, na kwa haki, kwamba kokoto ya kuvushwa kwa jahazi ni ghali mno kwa mjenga nyumba wa kawaida. Ndiyo. Ndiyo maana mahali pa kuchimba kisiwani pahitaji kuamuliwa na kisiwa kizima. Nyumba moja ikipata nafuu kwa kuchota ufuko, jirani zake ndio watakaolipa.

Umangimeza ulipigwa vita na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliowataka viongozi kuwashirikisha wananchi katika kupanga mambo yao badala ya kuwaletea maamuzi. Wapo watakaosema hayo ni ya kale. Sisi tunaona kwamba siku mkandarasi anapofika kijijini na walinzi kabla ya kufika na karatasi, ya kale ndiyo yanayokosekana.

Tunawaambia maafisa wetu wa TARURA, wa TANROADS na wa madini kwamba kazi hii haiwataki fedha nyingi. Ramani ya machimbo ipelekwe Mkutano Mkuu wa Kijiji ikiwa bado inaweza kubadilishwa, na isomwe kwa Kiswahili. Hesabu ya malori, ya kina cha shimo na ya mikorosho itakayong'olewa itajwe pale pale. Fidia ilipwe kabla ya mti kuanguka. Mikataba ya barabara huwa na kipindi cha matazamio, na sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa hadi kipindi hicho kiishe. Kujaza shimo na kurudisha udongo wa juu kuwe sharti mojawapo la kuiachia fedha hiyo, na Halmashauri ya Kijiji iwe miongoni mwa wanaotia saini kwamba limejazwa. Kama kijiji kinapenda shimo libaki kuwa bwawa la mifugo au la samaki, basi kiseme hivyo katika kikao, na bwawa lijengwe kwa kingo na mteremko ulio salama.

Wananchi nao wana deni lao. Mkutano Mkuu huitishwa na akidi haitimii, kisha wale wale wasiohudhuria ndio wanaolalamika lori likifika. Na mwenye kukataa machimbo ya mahali fulani aje na mahali pengine mkononi, maana barabara bado tunaitaka. Masika yakipita, msimu wa kazi za barabara utafunguka, na mitambo itaanza kuzunguka mkoani. Vikao hivyo vifanyike kabla ya hapo, na vifanyike kwenye eneo lenyewe linalotakiwa kuchimbwa, mwenye shamba akiwapo.