Mvuke wa Olkaria na Nyambizi za Nyuklia

Kijana wa Kenya akisema mbele ya wenzake kuwa ataka kuwa afisa wa nyambizi ya nyuklia, jawabu apatalo aghalabu ni kicheko. Wako wamchekao kwa sababu amezaliwa mbali na bahari. Wako wamchekao kwa sababu nchi yake haina nyambizi hata moja. Na wako wamchekao kwa sababu wadhani kuwa elimu ya atomi ni mali ya mataifa mengine, sisi hatukuandikiwa. Kicheko cha kwanza ni cha ujinga mdogo, hakina haja ya kujibiwa. Cha pili kina hoja ndani yake, nami nitaifikia. Lakini cha tatu ni uovu, na hicho ndicho nikishambuliacho hapa, maana kimewaondoa katika darasa la fizikia vijana wengi waliokuwa na akili ya kutosha. Kikisikika Olkaria, aibu yake ni kubwa kuliko kikisikika mahali pengine popote.

Tuitazame nyambizi yenyewe. Watu huiogopa kwa ajili ya jina la nyuklia, wakadhani kuwa ndani yake mna nguvu ya ajabu isukumayo chombo kama pepo. Hamna. Katika kinu chake chembe za urani hupasuka, na kupasuka kwake huleta joto kali. Joto hilo huchukuliwa na maji yaliyoshindiliwa hata yasiweze kuchemka. Maji hayo huyapasha maji mengine, na haya ya pili ndiyo yageukayo mvuke. Mvuke huzungusha tabaini, yaani gurudumu lenye mapanga mengi, na tabaini huzungusha rafadha na mitambo ya umeme. Kisha mvuke hupozwa ukarudi kuwa maji, kazi ikaanza tena. Nautilus ya Marekani ndiyo nyambizi ya kwanza kwenda kwa nguvu hizo, Januari 1955, na mwaka 1958 ilipita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Dunia ilistaajabia atomi, wala haikukumbuka kuwa kilichozungusha rafadha kilikuwa mvuke.

Sasa njoo Olkaria, kusini ya Ziwa Naivasha. Hapa hapana urani. Joto latoka katika miamba iliyo juu ya moto wa ardhi, na visima huchimbwa kulifuata, vingine hata mita 3,000 kwenda chini. Kipandacho ni mvuke uliochanganyika na maji ya moto. Hivyo viwili hutenganishwa. Mvuke hupelekwa kwenye tabaini, na maji hurudishwa ardhini. Ondoa chanzo cha joto, na utaona kuwa mhandisi wa hapa na afisa wa kule wafunzwa mambo yaleyale: tabia ya joto, kani ya mvuke, chuma kiliwacho na kutu, pampu, vali, na hisabati ya kuvipima vyote. Mtoto wa Kongoni aliyelala usiku akisikia mngurumo wa kisima kinachojaribiwa ameisikia sauti ya kazi hiyo kabla ya kujua kusoma. Ni kwa hoja gani basi aambiwe kuwa kazi hiyo si ya watu wa kwao?

Wenye kicheko cha tatu hawasomi historia. Katika miaka ya 1950 visima viwili vilichimbwa Olkaria, havikuleta matumaini, na kazi ikaachwa. Ilirudiwa baada ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1981 tabaini ya kwanza ya megawati 15 ilianza kutoa umeme, na kufikia mwaka 1985 zilikuwa tatu, zenye megawati 45. Mitambo ilitoka ng'ambo na walimu walitoka ng'ambo. Vijana wa Kenya walipelekwa Iceland, kwenye mafunzo yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa mwishoni mwa miaka ya 1970, wakarudi na elimu yao. Leo zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya yatokana na joto la ardhi, na kampuni ya KenGen imewapeleka wachimbaji wake Ethiopia na Djibouti kuchimba visima kwa malipo. Mwanafunzi wa jana ndiye fundi anayeajiriwa na jirani. Haya si maneno ya kujisifu tu. Ni ushahidi, na ushahidi haujibiwi kwa kicheko. (Wala sisemi kuwa kila jambo la Olkaria ni jema. Jamaa za Wamasai walihamishwa mwaka 2014 kwa ajili ya kituo cha nne, na malalamiko yao yalifika hata Benki ya Dunia. Mhandisi asiyejua kuzungumza na watu waishio juu ya mvuke wake ni mhandisi nusu.)

Lakini yapasa niwageukie pia wale wasiocheka, wasifuo tu. Hawa humwambia kijana kuwa kutaka ni kupata, wakampa picha ya kofia nyeupe na vifungo vya dhahabu, wasimwambie gharama. Katika Marekani mtu atakaye kuwa afisa wa nyambizi hana budi kumaliza shahada, na katika shahada hiyo awe amesoma kalkulasi mwaka mzima na fizikia itumiayo kalkulasi mwaka mzima. Baadaye huitwa kuulizwa maswali mbele ya mkuu wa vinu vya nyuklia vya jeshi la wanamaji. Akipita, asoma miezi 6 darasani, na miezi mingine kama 6 mbele ya kinu chenyewe, kisha shule ya nyambizi. Na baada ya hayo yote aingia chomboni akiwa mwanafunzi bado.

Aliyeweka desturi ya kuwahoji maafisa mmoja mmoja ni Hyman Rickover, mtoto wa mhamiaji aliyezaliwa Poland mwaka 1900. Jimmy Carter, mwana wa mkulima wa karanga aliyekuwa Rais wa Marekani mwaka 1977, alisimulia kuwa Rickover alimwuliza kama alifanya bidii yake yote chuoni. Carter alikiri kuwa si kila mara. Akaulizwa sababu, akakosa jawabu. Mtoto wa mhamiaji na mtoto wa mkulima: hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa juu ya kinu cha atomi.

Nirudi kwenye hoja niliyoahidi kuijibu. Mataifa yenye nyambizi za nyuklia zifanyazo kazi baharini ni sita: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, Uchina na India. Kwa kawaida hakuna lifungualo kinu chake kwa asiye raia. Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoanza mwaka 1964, halina chombo cha namna hiyo. Tena nyambizi ni chombo cha vita, na bahari haina huruma kwacho: Thresher ya Marekani ilizama mwaka 1963 na watu 129, Kursk ya Urusi mwaka 2000 na watu 118. Kijana ahamiaye ng'ambo, akawa raia, akala kiapo, simlaumu. Ila ajue kuwa kiapo hicho chamfunga kwa vita vya bendera nyingine. Hayo yote ni kweli, na bado hayamfanyi kuwa wa kuchekwa. Njia yake na ya mwenzake wa Olkaria ni moja kwa miaka mingi kabla ya kugawanyika. Mlango mmoja ukifungwa, kuna mingine. Kenya yenyewe imekuwa na wakala wa nishati ya nyuklia tangu sheria ya mwaka 2019, na vijana wake wamepelekwa Korea Kusini kusoma. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipoukataa mpango wa kinu katika mwaka 2024, pande zote mbili zilihitaji watu waijuao elimu hiyo: upande wa kujenga na upande wa kukataa.

Hatari iliyo kubwa si mlango uliofungwa Marekani. Ni ule tuufungao wenyewe nyumbani. Katika mfumo wa 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho wa sekondari ni wa mwaka 2027, mwanafunzi aliruhusiwa kuiacha fizikia baada ya kidato cha pili, na wengi wameiacha. Tangu 2026 watoto wa Gredi ya 10 wafuata njia walizozichagua wangali na miaka 15 hivi, na kicheko cha rafiki chatosha kumpotosha mmoja. Wasichana huambiwa zaidi kuwa somo hili si lao, ilhali maafisa wa kwanza wanawake waliingia katika nyambizi za Marekani mwaka 2011.

Mabasi ya shule huenda Hell's Gate kila muhula, yakapita kando ya mabomba ya mvuke kwenda kutazama pundamilia na magenge ya Njorowa. Mwalimu wa fizikia na aombe ruhusa ya kituo mapema, basi lisimame saa mbili langoni, na kila mwanafunzi aingie na daftari.