Mwezi, Bamvua na Skuli

Juzi palizuka ubishi bwenini. Ndugu yetu mmoja wa kidato cha pili alisema ati ajifunzaye sayansi imani yake hupungua, na wengi wakamwitikia. Mimi nilinyamaza, maana ni mtoto wa Tungue, na kwetu neno hilo si la mzaha. Sasa nataka kulijibu.

Tungue, kwa wasiopajua, ni pwani iliyo kusini ya mlango wa Ruvuma, na mji wake ni Palma. Zamani ilihesabiwa katika milki ya Sultani wa Unguja, mpaka Wareno walipoitwaa mwaka 1887. Watu wake wengi ni Waislamu na wavuvi. Mvuvi wa kwetu hana haja ya jedwali la maji lililopigwa chapa. Humwuliza mwalimu wa chuoni, “Leo mwezi ngapi?” Akiambiwa mosi, au kumi na tano, ajua bamvua li karibu: maji yatatoka mbali, na wanawake watapata kwenda kutafuta pweza mwambani. Akiambiwa mwezi nane, ajua ni maji mafu. Basi hesabu ile ile imwonyeshayo siku ya kufunga ndiyo impatiayo kitoweo. Nilipofunzwa hapa kuwa bamvua huja wakati jua, mwezi na dunia vimekaa mstari mmoja, sikuona nimenyang’anywa kitu. Nilielezwa sababu ya jambo ambalo babu alilijua siku zote.

Na sanaa ni vivyo hivyo. Kwa herufi za Kurani wakubwa wa pwani ya Cabo Delgado waliwaandikia Wareno barua za Kiswahili katika karne ya 19, na nyingine zingali zimehifadhiwa Maputo. Tufo nayo, ngoma ya matari ya akina mama, ilianza kwa kumsifu Mtume. Leo huimbwa hata habari za siasa na afya. (Wako wanaoichukia. Nadhani hawajakaa wakaisikiliza.)

Lakini ubishi huu umetuletea msiba. Tarehe 5 Oktoba 2017 vijana wenye silaha walivamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia. Kabla ya hapo walikwisha kuwakataza watu kupeleka watoto skuli za serikali, na masheikh wa huko wakawapinga. Tarehe 24 Machi 2021 waliingia Palma. Sisi tulitoka kwa mashua.

Mtu aweza kusema huo ni ujinga tu. Mimi sikubali upesi hivyo. Tangu mwaka 2010 gesi nyingi imegunduliwa chini ya bahari yetu. Wahandisi wakaja na elimu kubwa, Afungi ikazungushiwa uzio, watu wa Quitupo wakahamishiwa Quitunda. Kijana asiye na cheti alitazama kazi zikimpita. Aliyemwambia kuwa elimu hiyo si yake alimwambia jambo ambalo macho yake yalikwisha kuliona. Uovu wake ni kumwambia aichome skuli, badala ya kuidai.

Wakubwa wetu mliomaliza hapa, ambao baadhi yenu ni walimu, nina ombi moja. Mkimpata mtoto wa kwetu darasani, mwanzieni na bamvua, halafu mpelekeni kwenye fizikia. Na mkimwona mwalimu wake wa chuoni, mwalikeni naye aje asikilize.