Nani Huombwa Cheti?

Machi 2000, Barack Obama alianguka vibaya. Aligombea ubunge kupitia mchujo wa chama cha Democratic kusini mwa jiji la Chicago, katika jimbo la uchaguzi lenye wakazi wengi weusi, akaambulia asilimia 30 ya kura mbele ya Bobby Rush aliyepata 61. Rush, mweusi mwenzake, alikuwa mbunge tangu 1993 na mwanachama wa zamani wa Black Panther, mtu ambaye mitaa ile ilimjua kwa sura na kwa jina. Tena alikuwa amefiwa na mwanawe miezi michache kabla, na msiba ule uliwagusa wengi. Lakini kilichomwandama Obama kampeni nzima ni usomi wake. Shahada ya sheria ya Harvard na kazi ya kufundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, mambo ambayo kwingine yangempandisha, pale yaligeuzwa ushahidi kwamba huyu si mwenzetu, si mweusi wa kutosha.

Machi 2008, Obama yuleyule akiwa mbele ya Hillary Clinton katika mbio za kuteuliwa kugombea urais, Geraldine Ferraro alisema kwamba asingefika alipofika kama angekuwa mwanamume mweupe. Ferraro hakuwa mtu wa pembeni. Mwaka 1984 alikuwa mwanamke wa kwanza kugombea umakamu wa rais kwa tiketi ya chama kikubwa nchini Marekani. Kauli yake ilizua zogo, akajiondoa katika kamati ya fedha ya kampeni ya Clinton.

Miaka minane, mtu mmoja, hukumu mbili zinazopingana: kwanza weusi wake haukutosha, kisha weusi wake ukawa ndio sifa pekee aliyo nayo. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaouliza kama wapiga kura wa Marekani huangalia rangi au sifa, kana kwamba ni mawe mawili yanayowekwa kwenye mzani mmoja, kila moja upande wake. Kwa jinsi ninavyozisoma chaguzi zile, rangi iko kwenye mkono ulioshika mzani. Inaamua sifa ipi ihesabiwe, ipi ipuuzwe, na nani aombwe kuthibitisha mara mbili kile ambacho mwenzake anaaminiwa bila kuulizwa.

Katiba ya Marekani yenyewe haina makuu. Inamtaka rais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 35, na awe ameishi nchini miaka 14. Haitaji shahada, haitaji utumishi wa umma wala wa jeshi. Mengine yote ambayo watu huyaita sifa yameachwa mikononi mwa mpiga kura, na mpiga kura anakwenda kituoni akiwa na historia yake yote.

Mwaka 2008 hoja ya uzoefu ilikuwa halali kabisa, na sipendi kuiita ubaguzi kila ilipotajwa. John McCain, mgombea wa Republican, alikuwa na miaka 72, seneta wa Arizona tangu 1987, rubani wa jeshi la majini aliyekaa mfungwa wa vita miaka mitano na nusu kule Vietnam. Obama alikuwa na miaka 47 na alikuwa hajamaliza hata miaka minne katika Seneti ya Washington. Mtu mwenye nia njema angeweza kumwambia angoje. Tatizo ni kwamba McCain mwenyewe aliivunja hoja hiyo alipomchagua Sarah Palin kuwa mgombea mwenza. Palin alikuwa gavana wa Alaska kwa muda usiofika miaka miwili, na kabla ya hapo meya wa mji mdogo wa Wasilla. Wapo waliokuwa wakisema Obama hajaiva, nao hawakuona taabu kumkabidhi Palin nafasi ya kukaa hatua moja tu kutoka kwenye kiti cha rais mzee. Kwa watu hao siwezi tena kuamini kwamba neno uzoefu lilimaanisha uzoefu.

Oktoba mwaka huo Colin Powell alitangaza kumuunga mkono Obama. Powell alikuwa Republican, jenerali aliyewahi kuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi na waziri wa mambo ya nje wa George W. Bush. Alieleza sababu zake kwa utulivu: namna kila mgombea alivyoukabili mtikisiko wa uchumi, na wasiwasi wake juu ya Palin. Mara wakajitokeza wachambuzi wa mrengo wa kulia waliosema amefanya hivyo kwa ajili ya rangi. Hilo lilinisikitisha kuliko mengi ya msimu ule. Miaka yote ya utumishi haikumnunulia hata haki ya kuaminiwa kwamba amefikiri.

Obama alishinda kwa asilimia 52.9 dhidi ya 45.7, na kura 365 za wajumbe wa uchaguzi dhidi ya 173. Katika mahojiano ya wapiga kura waliokuwa wakitoka vituoni, Wazungu waliomchagua walikuwa asilimia 43. John Kerry, mgombea Mzungu wa Democratic, alipata 41 miaka minne kabla. Wengi walizisoma namba hizo wakatangaza kwamba rangi haikumgharimu kitu. Hata hofu iliyotokana na kisa cha Tom Bradley, meya mweusi wa Los Angeles aliyeongoza katika tafiti za maoni mwaka 1982 na kisha akaukosa ugavana wa California, haikutimia, maana tafiti za 2008 zililingana na matokeo.

Wastani wa taifa huficha mengi. Alabama, Kerry alipata kura za Wazungu 19 kwa kila mia. Obama alipata 10. Katika ukanda unaoanzia milima ya Appalachia, ukapita Tennessee hadi Arkansas na Oklahoma, kuna wilaya nyingi ambazo McCain alipata kura zaidi ya alizopata Bush mwaka 2004. Na ule ulikuwa mwaka ambao chama cha Bush kilikuwa kinaporomoka karibu kila mahali. Benki ya Lehman Brothers ilikuwa imeanguka tarehe 15 Septemba, watu wanapoteza nyumba na kazi, na katika mahojiano yale yale ya vituoni asilimia 63 walisema uchumi ndio jambo kubwa kuliko yote. Mgombea wa upinzani katika mwaka wa namna hiyo hushinda kwa kishindo. Mwanauchumi Seth Stephens-Davidowitz alipima namna watu wa maeneo mbalimbali walivyotafuta maneno ya kibaguzi kwenye Google, akalinganisha na kura, na kukadiria kwamba chuki ya rangi ilimnyima Obama takribani asilimia 4 ya kura za taifa. Kwa upande wa pili, Weusi walimpa asilimia 95, ambapo Kerry alipata 88. Rangi ilimpa na ikamnyang'anya. Kilichookoa hesabu ni njaa ya mabadiliko.

Lakini hata hizo asilimia 95 zisichukuliwe kirahisi. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2007, Wamarekani weusi wengi walikuwa upande wa Clinton. Sijaamini kamwe kwamba walikuwa hawampendi Obama. Walikuwa wanapiga hesabu ya watu waliokwisha kuumwa na nyoka: Je, Wazungu watamchagua? Kama hawatamchagua, kura yetu itapotea bure. Jibu lilitoka Iowa tarehe 3 Januari 2008, jimbo ambalo zaidi ya asilimia 90 ya watu wake ni Wazungu, na Obama akashika nafasi ya kwanza. Siku 23 baadaye, South Carolina, takribani Weusi wanane kati ya kila kumi walimpigia yeye. Hapa rangi inafanya kazi kwa njia ambayo mijadala mingi huisahau. Mtu anaweza kuwa hana ubaguzi wowote moyoni, lakini akapiga kura kwa kukisia ubaguzi wa jirani yake. Katika chumba cha kupigia kura kuna wewe na wote unaowadhania.

Uchaguzi wa Seneti wa 2004 jimboni Illinois unaonyesha kinachotokea mzigo wa rangi unapotuliwa. Republican walimleta Alan Keyes apambane na Obama. Keyes ni mweusi, ana shahada ya uzamivu ya Harvard, na alikuwa balozi katika Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa. Wote wawili weusi, wote wawili Harvard. Obama alipata asilimia 70, Keyes 27. Rangi ilipolingana, watu walisikiliza maneno, wakaangalia chama, wakaangalia nani anaishi nao na nani ameletwa kutoka Maryland kwa ajili ya uchaguzi. Weusi wa Keyes haukumvutia mpiga kura mweusi.

Asubuhi ya Jumatano, 5 Novemba 2008, saa moja kwa saa zetu, matokeo yalipotangazwa nilikuwa kwetu Kenya, mjini Mombasa, nimesimama mbele ya televisheni ya mkahawa pamoja na watu nisiowajua. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika kikombe cha chai alilia bila kuficha uso. Rais Kibaki alitangaza kesho yake kuwa sikukuu ya taifa, na haikuchukua muda kanga zenye picha ya Obama zikaingia madukani. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Lakini ndani yake kulikuwa na kidonda. Mwaka haukuwa umepita tangu uchaguzi wa Desemba 2007 uliotufanya tuuane, zaidi ya watu elfu moja wakafa, na sasa watu walikuwa wakinong'onezana kwamba mtoto wa Mjaluo ameuona urais Washington kabla Mjaluo hajauona Nairobi. Sisi hatukuwa na haki ya kuwatazama Wamarekani kwa mbali. Sheria yetu ya uchaguzi inadai mgombea urais awe na shahada ya chuo kikuu. Katiba ya 2010 inadai apate zaidi ya nusu ya kura zote, na robo ya kura katika angalau kaunti 24 kati ya 47. Sharti la kwanza linachunguza karatasi. La pili linamlazimisha mgombea atoke kwao akaombe kura kwa watu wasiozungumza lugha ya mama yake. Mimi nalithamini la pili zaidi, kwa sababu linagusa ugonjwa wenyewe.

Tarehe 27 Aprili 2011, rais wa Marekani aliyekuwa madarakani kwa zaidi ya miaka miwili alisimama mbele ya waandishi wa habari akatoa nakala kamili ya cheti chake cha kuzaliwa, Honolulu, 1961. Uvumi kwamba hakuzaliwa Marekani ulikuwa umepewa nguvu na wengi, na sauti kubwa kuliko zote wakati ule ilikuwa ya Donald Trump. Watu 42 walikuwa marais wa Marekani kabla yake. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kudaiwa cheti hivyo.

Miaka mitano baadaye Trump aligombea. Hakuwahi kushika wadhifa wowote wa umma wala kuvaa sare ya jeshi, na alikuwa wa kwanza kuingia Ikulu ya Marekani bila hata kimoja kati ya hivyo. Katika mahojiano ya vituoni mwaka 2016, asilimia 38 tu ya wapiga kura walisema ana sifa za kuwa rais. Alipata asilimia 46 ya kura, akashinda. Maana yake wapo mamilioni waliomchagua mtu ambaye wao wenyewe walikiri hana sifa, mbele ya mwanamke aliyekuwa seneta na waziri wa mambo ya nje. Sisemi wote waliongozwa na rangi. Wilaya zaidi ya 200 zilizompigia Trump zilikuwa zimemchagua Obama mara mbili, nyingi zikiwa za miji iliyopoteza viwanda. Ninachosema ni kwamba kukosa sifa kulisamehewa. Mtu mweusi mwenye wasifu mtupu kama ule, naamini, asingefika Ikulu.

Kisha ikaja 2024. Kamala Harris alikuwa amepita ngazi zote: mwendesha mashtaka wa San Francisco, mwanasheria mkuu wa California, seneta, makamu wa rais. Wapinzani wake walisema amebebwa na rangi na jinsia, yaleyale ya Ferraro. Tarehe 31 Julai, mbele ya mkutano wa waandishi wa habari weusi, Trump alidai kwamba Harris, binti wa baba Mjamaika na mama Mhindi, aliyesoma Howard, chuo cha kihistoria cha Weusi, amegeuka kuwa mweusi siku za karibuni tu. Novemba alimshinda kwa asilimia 49.8 dhidi ya 48.3, na naamini bei ya vyakula ilichangia kuliko maneno yale, maana safari hii hata Walatino na wanaume weusi wengi zaidi walikwenda upande wake. Mkutano ule ulifanyika Chicago. Wapo waliokuwa wakiishi kusini mwa jiji hilo tangu mwaka 2000, waliosikia swali lile lile likirudi nyumbani, safari hii likiulizwa na Mzungu.