Wimbo si Wasifu

Imekuwa mazoea ya baadhi ya wasomi wa Kiswahili kusema kwamba mwimbaji hahitaji kitabu, kwa kuwa maisha yake yamo katika nyimbo zake. Kauli hiyo ni tamu masikioni, lakini ni kisingizio cha uvivu, na gharama yake hulipwa na fasihi.

Waingereza hawakudanganyika hivyo. Mwaka 2013 Ray Davies, mwimbaji wa kundi la Kinks, alitoa kitabu kiitwacho Americana, juu ya maisha yake katika nchi ya Marekani. Kundi lake lilizuiwa kupiga muziki huko kuanzia 1965 hadi 1969, na yeye mwenyewe alipigwa risasi New Orleans mwaka 2004. Nyimbo zake zilikuwa zimekwisha kuenea duniani. Hata hivyo aliona bado ana neno la kusema ambalo wimbo haukuweza kulibeba.

Mwambao wa Tanga una kisa kisichopungua hicho. Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walipiga gitaa katika Jamhuri Jazz ya Tanga, wakaenda Arusha, na mwaka 1971 wakahamia Kenya, ambako waliunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitenga wakaanzisha Les Wanyika, na wimbo wao Sina Makosa ungali unapigwa mpaka leo. George alifariki 1992, na Wilson 1995. Nyimbo zimebaki, wasifu haukuandikwa.

Itasemwa kwamba Kenya si Marekani, na kwamba aliyevuka kutoka Tanga hakwenda ugenini. Asemaye hivyo na aende Moa. Kutoka hapo hadi Vanga ni safari ya ngalawa, na Wadigo na Wasegeju wamo pande zote mbili za mpaka uliokatwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Kwa damu, ng'ambo ile ni nyumbani. Kwa sheria, ni nchi nyingine. Tena mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Tanzania iliufunga mpaka, nao haukufunguliwa hadi 1983. Katika miaka hiyo mwanamuziki wa Tanga aliyekuwa Nairobi alipelekaje fedha kwa mama yake? Alizikaje wazazi? Alimiliki nini katika sahani za santuri zilizouzwa kwa jina lake? Wimbo wa mapenzi haujibu maswali hayo, wala haukutungwa kuyajibu.

Wengine hudai kwamba wanamuziki si watu wa kalamu. Siti binti Saad naye hakupata elimu ya shule. Alikuwa muuza vyungu wa Fumba, na mwaka 1928 sauti yake ilinaswa katika santuri huko Bombay. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, hakuona haya kumwandikia wasifu, nao ulichapwa 1958. Mshairi mkubwa kuliko wote wa zama zake aliinama kumsikiliza mwimbaji. Je, mwenye shahada ya leo ni mkubwa kuliko yeye? Wala sanaa ya kusimulia maisha si ya kuazima Ulaya. Tippu Tip, aliyefariki 1905, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu chake husomwa hata sasa.

Basi upungufu si wa waimbaji, bali ni wa vyuo. Mwanafunzi huhesabu mizani za tenzi kongwe akatunukiwa shahada, na katika mtaa wa pili yuko mzee aliyepiga besi kwa miaka thelathini, asiyeulizwa na mtu. Idara za Kiswahili na zikubali wasifu wa mwanamuziki, ulioandikwa kutoka kinywani mwake na kupimwa kwa ushahidi wa wenzake, kuwa kazi ya kutosha kupatia shahada. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini msomi asiyetoka maktabani asilalamike kwamba sahani yake haina kitoweo.