Tuhesabu Mabawa Kwanza

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilikaa nyuma ya darasa la tano nikimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha habari za wadudu. Ubaoni palikuwa na orodha ndefu ya majina. Mtoto mmoja akaleta kiberiti chenye mdudu mfu, mwenye milia ya manjano na nyeusi. "Huyo ni nyuki. Kaa chini," akaambiwa. Mtoto akasema kwa adabu, "Lakini, mwalimu, ana mabawa mawili tu." Hakujibiwa, na kipindi kikaendelea.

Mtoto alisema kweli. Nyuki ana mabawa manne, ingawa ya nyuma hushikamana na ya mbele kwa vikulabu vidogo, hata hapana budi kuyatenganisha kwa sindano ndipo yahesabike. Mdudu yule alikuwa nzi mwenye sura ya nyuki. Kundi la nzi, liitwalo kitaalamu Diptera, lina spishi zaidi ya 150,000 zilizokwisha kuelezwa. Na jina hilo, lenye asili ya Kiyunani, maana yake ni mabawa mawili. Mahali pa mabawa ya nyuma pana vijiti viwili vyenye vichwa mfano wa rungu, vimsaidiavyo nzi asiyumbe arukapo.

Kwa desturi kundi hili hugawanywa kwa kutazama vipapasio. Mbu na jamaa zake wana vipapasio virefu vyenye pingili nyingi; nzi wa nyumbani na mbung'o wana vifupi. Utafiti wa siku hizi umeonyesha kwamba wenye vipapasio virefu si ukoo mmoja kamili, lakini kwa shule ya msingi mgawanyo huu ungali mlango mwema wa kuingilia.

Maoni yangu ni kwamba macho yatangulie, jina lifuate. Mtoto aliyekariri kwamba mbu huleta malaria atajibu mtihani. Aliyemlea katika chupa, tangu buu lisilo na miguu hadi kuota mabawa, atarudi nyumbani na kulimwaga kopo la maji ya mvua lililosahauliwa nyuma ya jiko.

Basi, ndugu mwalimu mwanafunzi, mtoto akikuletea kiberiti, kifungue. Usipomjua mdudu aliyemo, usione haya kusema, "Njoo tuhesabu pamoja." Ualimu haupungui kwa maneno hayo.