Sheria Imfikie na Aliyekaa Mbali



Toleo hili zima tumelitoa kwa watu ambao karibu kila ukoo unao: mama aliyepooza, baba aliyepotewa na kumbukumbu, shangazi asiyejaliwa mtoto, kaka anayeugua maradhi ya akili. Waandishi wetu tuliwapa swali moja: ndugu anapotelekezwa hadi akadhurika, sheria inamshika nani? Kila mmoja amelijibu kwa upande wake, na nilipomaliza kuzisoma makala zao niliona jambo moja limejitokeza kote. Sheria tuliyo nayo inambana ndugu aliyemchukua mgonjwa na kumwachia aliyemkwepa. Hiyo si haki, na neno langu la leo ni kutaka hali hiyo ibadilishwe.

Tuanze na sheria yenyewe. Kifungu cha 216 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu mtu mwenye mwenzake mikononi mwake ambaye, kwa umri, ugonjwa, akili kutokuwa timamu au sababu nyingine, hawezi kujitoa katika uangalizi huo wala kujipatia mahitaji ya lazima ya maisha. Mwangalizi huyo ana wajibu wa kumpatia mahitaji hayo. Asipofanya hivyo, madhara yatakayoupata uhai au afya ya mgonjwa yatahesabiwa kuwa ameyasababisha yeye. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ina kifungu cha maana hiyo hiyo, kwa kuwa sheria zote mbili zililetwa na Waingereza mwaka 1930. Kwa hiyo wajibu wa jinai hauanzi kwa kuzaliwa tumbo moja. Unaanza pale unapompokea mgonjwa ndani ya nyumba yako.

Wanaosomea sheria hufundishwa kanuni hii kwa kesi mbili za Uingereza. Ya kwanza, ya mwaka 1893, ni ya Kate Instan, aliyeishi na bibi wa miaka 73, ndugu wa mzazi wake. Bibi alioza mguu akawa hawezi kujisogeza. Instan ndiye pekee aliyeijua hali hiyo. Aliendelea kula chakula kilichonunuliwa kwa fedha za bibi, asimpe yeye, wala asimwite daktari. Alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na sidhani kama kuna atakayemwonea huruma.

Kesi ya pili ndiyo inayonikosesha raha. Ni ya Stone na Dobinson, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1977. Stone alikuwa mzee wa miaka 67, karibu kipofu, asiyesikia vizuri na mwenye uelewa mdogo. Alimpokea dada yake, Fanny, aliyekuwa anakataa kula. Stone na mwenzake Dobinson walijaribu kuhangaika naye. Walitoka kwa miguu kumtafuta daktari wake wakafika kijiji kisicho chenyewe. Simu hawakuweza kuipiga. Dobinson, akisaidiwa na jirani, alimwogesha mgonjwa. Fanny alifariki mwaka 1975, na wote wawili wakatiwa hatiani kwa kifo chake, kwa hoja kwamba walikwisha kubeba jukumu la kumtunza na hawakulitimiza. Lakini kabla ya kuhamia kwa kaka yake, Fanny alikuwa akiishi kwa dada mwingine. Dada huyo hakushtakiwa kwa lolote, kwa sababu wakati wa kifo mgonjwa hakuwa tena mikononi mwake. Kipofu aliyempokea alihukumiwa kifungo, na aliyeachana naye akabaki raia mwema.

Tulete jambo hili nyumbani. Mama wa watoto watano amepata kiharusi. Wanne wako Dodoma, Mwanza, Dar es Salaam na Muscat. Wa tano ni binti aliyeachika akarudi kwao Korogwe, na kwa kuwa yupo pale, hakuna aliyemuuliza kama ataweza. Mgonjwa aliyepooza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya mgongo na makalio. Anaogeshwa kitandani. Analishwa uji kwa kijiko akiwa ameinuliwa kichwa ili asipaliwe. Shuka zinafuliwa kila siku. Hospitali ya serikali ina dirisha la wazee na msamaha wa malipo, lakini kumfikisha huko ni kukodi bajaji na kutafuta vijana wawili wa kumbeba, na dawa iliyokosekana dirishani itanunuliwa duka la dawa kwa fedha mkononi. Binti amekwisha funga genge lake la mboga. Kwenye kundi la WhatsApp la familia, kaka na dada zake wanaandika "Mungu amponye mama", na mmoja anauliza mbona mama amekonda hivyo.

Usiku mmoja binti anazidiwa na usingizi. Usiku wa pili hivyo hivyo. Kidonda kinafunguka, kinaoza, mama anafariki. Ikitokea jirani akaenda polisi, atakayeitwa kuhojiwa ni binti, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa na mama mikononi. Wale wanne watafika kama wafiwa na kupewa pole.

Je, kuna kifungu gani cha kuwadai hao wanne? Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Hata hivyo Ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu mwaka 2003, lakini sera haimpeleki mtu mbele ya hakimu, na wazee wa Bara wamekuwa wakidai sheria kwa zaidi ya miaka 20. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtoto awaheshimu wazazi na kuwasaidia wanapokuwa na shida. Mtoto katika sheria hiyo ni mwenye umri chini ya miaka 18. Mwanafunzi wa darasa la sita ameandikiwa wajibu wa kumsaidia mama yake; mhasibu wa miaka 40 sheria hiyo haimgusi.

Mila iliyoandikwa ilikwenda mbali zaidi. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, katika sheria za wosia, linamruhusu mwenye kutoa wosia kumnyima urithi mrithi ambaye, bila sababu ya haki, hakumtunza wakati wa njaa au ugonjwa. Wazee walioieleza mila hiyo walijua wanachokisema: urithi na matunzo vinakwenda pamoja. Tatizo ni kwamba adhabu hiyo humfikia mhusika baada ya mzazi kufa, tena iwe mzazi aliacha wosia na alikuwa na mali. Maskini asiye na shamba la kurithisha hana cha kumnyima mtoto.

Majirani zetu Wakenya wamepiga hatua kwa kuandika katika Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 kwamba mzee anastahili matunzo na msaada kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981, ambao Tanzania na Kenya zote zimeuridhia, unamtaka kila mtu awaheshimu wazazi wake na kuwakimu wanapokuwa na shida. Kanuni ipo. Kinachokosekana ni mlango ambao bibi mwenye fimbo anaweza kuubisha Jumatatu asubuhi akafunguliwa. Mama anayedai matunzo ya mtoto huenda kwa afisa ustawi wa jamii, na asiposikilizwa huenda mahakamani. Mama huyo akizeeka, akaenda ofisi ile ile kumdai mtoto aliyemlea, anaambiwa hayo ni mambo ya familia, wakayamalize nyumbani.

Nchi nyingine zimeufungua mlango huo. Singapore ilitunga sheria mwaka 1995 inayompa mzazi wa miaka 60 au zaidi, asiyeweza kujikimu, haki ya kuwadai watoto wake posho mbele ya baraza maalumu, na usuluhishi hutangulia. India ilitunga ya kwake mwaka 2007, nayo ikamkumbuka mzee asiye na mtoto: wanaotarajia kurithi mali yake ndio wanaowajibika kumtunza akiwa hai. Uingereza yenyewe, kuanzia Sheria ya Maskini ya mwaka 1601, iliwadai watoto wenye uwezo wawakimu wazazi wao maskini. Wajibu huo ulifutwa mwaka 1948, serikali ilipoubeba mzigo wenyewe. Hapo pana funzo. Mwenzetu aliiondolea familia dai hilo siku serikali ilipokuwa tayari kulipokea. Huku kwetu serikali haijalipokea, familia haidaiwi, na mgonjwa amebaki kwa atakayemwonea huruma.

Najua pingamizi zitakazokuja. Wapo watakaosema upendo haulazimishwi. Ni kweli, na hakuna anayetaka hakimu aamuru upendo. Nauli, dawa, mshahara wa msaidizi na wiki mbili za likizo za kumpokea dada aliyechoka vinaweza kuamriwa. Wapo watakaouliza habari za baba aliyetoroka watoto wakiwa wachanga, akarudi na mkongojo kudai matunzo. Pingamizi hili ni zito na linastahili jibu ndani ya sheria. Singapore wamelijibu: baraza linaweza kulikataa au kulipunguza dai la mzazi aliyemtelekeza au kumtesa mwanawe. Wengine watasema watoto wenyewe ni maskini. Sheria ya haki hupima uwezo wa kila mmoja, na asiye na fedha anaweza kutoa zamu ya kulala hospitali.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito zaidi ni hofu kwamba serikali itajificha nyuma ya sheria hiyo na kuwatupia wananchi kazi yake. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana dai letu kwa ndugu haliwezi kutenganishwa na dai letu kwa serikali. Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi mwezi Aprili 2016, na Kenya ina mpango wa Inua Jamii kwa wazee wa umri huo. Tanzania Bara nayo ifike hapo. Makazi ya wazee kama Nunge ya Kigamboni na Fungafunga ya Morogoro yana kazi yake kwa wasio na mtu kabisa, ila hayawezi kuwa jibu kwa mama mwenye watoto watano walio hai.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, sheria impe ndugu asiyejiweza, au anayemuuguza, haki ya kuwadai watoto wote wenye uwezo, kila mmoja kwa kadiri yake, kuanzia kwa afisa ustawi wa jamii na usuluhishi, na ikishindikana Mahakama ya Mwanzo. Kwa asiye na mtoto, wadaiwe wale wanaostahili kumrithi. Pili, kazi ya anayeuguza ihesabiwe kuwa mchango kamili, asidaiwe na fedha juu yake. Tatu, anayeuguza awe na haki ya kutoa taarifa kwamba amezidiwa. Akishaitoa, wajibu uwaangukie pia waliopata taarifa, ndugu na ofisi ya serikali. Na mgonjwa akidhurika, mpelelezi aulize nani alijua, nani aliombwa msaada na nani alikaa kimya, kabla ya kumfungulia mashtaka mtu aliyekesha.

Bunge lina kazi yake, nasi tusisubiri hadi limalize. Misibani tunajua kujipanga: kamati inaundwa saa ile ile, mweka hazina anateuliwa, daftari la michango linafunguliwa, na ambaye hajatoa anapigiwa simu. Ukoo unaoweza kufanya hayo kwa marehemu unaweza kuyafanya kwa mgonjwa aliye hai. Kaeni mwezi huu, kabla mzazi hajaanguka. Andikeni nani atatoa nini, nani atakuja lini, na anayeuguza atapumzika siku zipi. Maandishi hayo yatawasaidia leo, na siku sheria itakapokuja yatakuwa ushahidi wa kila mmoja wenu.

Wewe unayesoma ukiwa mbali na nyumbani, mpigie leo ndugu yako anayemuuguza mzazi wenu. Ukishauliza hali ya mgonjwa, muulize yeye anahitaji nini, kisha kitume.

Mhariri